Mgonjwa Asifichwe Siku ya Sikukuu

Hakuna nyumba ya Kikristu isiyokuwa na sikukuu zake. Mtoto hubatizwa, dada yake hupokea Komunyo ya kwanza, kaka yake Kipaimara, kijana hufunga ndoa, wazee hutimiza miaka 25 au 50 ya ndoa yao, tena Noeli na Pasaka hazipiti mlango wa mtu bila kubisha. Lakini katika nyumba hizo hizo huenda yumo mtu anayetibiwa kansa. Ndipo baba wa nyumba hujiuliza: Je, tuifanye sikukuu au tuiache? Na tukiifanya, mgonjwa wetu tumweke wapi?

Swali hili tumelisikia Musoma mjini, tumelisikia Bunda, na tumelisikia katika vijiji vya Butiama. Jibu letu ni fupi. Sikukuu ifanywe, na mgonjwa awemo ndani yake. Lakini sikukuu ndiyo imfuate mgonjwa, wala si mgonjwa aifuate sikukuu. Yote tutakayoandika hapa chini ni maelezo ya neno hilo moja.

Tuanze na kosa, na kosa hilo ni letu pia. Tulialikwa Bunda katika nyumba moja ambayo binti yao alikuwa amepokea Komunyo ya kwanza asubuhi ile. Turubai lilikuwa limefungwa uani, pilau imeiva, spika zinaimba, na wageni walikuwa wengi. Tulikula, tukacheka, tukakaa karibu saa nzima. Halafu mtu mmoja akataka kutupiga picha pamoja na mtoto, na mtoto hakuonekana. Tulimkuta katika chumba cha nyuma, amekaa sakafuni na gauni lake jeupe, sahani ya pilau mapajani, kando ya kitanda cha mama yake. Mama huyo alikuwa akitibiwa kansa ya titi huko Mwanza, na siku ile ilikuwa ya tisa tangu atiwe dawa. Mlango wake ulikuwa umefungwa tangu asubuhi. Wengine walisema kelele zingemchosha. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema watoto wa wageni wasije wakaambukizwa.

Mama yule hakutulaumu. Alisema tu: “Padre, gauni lile nililishona mimi. Nilitaka nimwone akitoka nalo mlangoni.”

Neno hilo lilituchoma. Tulijua kwamba katika nyumba ile yumo mgonjwa, kwa maana jina lake lilikuwa limetajwa katika maombi ya Misa. Lakini tulipofika tuliketi penye meza ya wageni, wala hatukuuliza yuko wapi. Asubuhi ile tungeweza kumpelekea Ekaristi Takatifu nyumbani, naye angempokea Bwana siku moja na binti yake. Hatukufanya hivyo kwa sababu hatukuulizwa, na sisi hatukuuliza. Basi, tunapowafundisha wengine leo, twajifundisha na wenyewe.

Sasa inafaa tueleze matibabu yenyewe, kwa sababu makosa mengi hutoka katika kutojua. Kansa, au saratani, ni ugonjwa wa chembe za mwili zinazozaliana ovyo bila kutii utaratibu. Kansa haiambukizi kwa kugusana, kwa kula sahani moja, wala kwa kulala nyumba moja. Kansa nyingine husababishwa na virusi, kama ile ya mlango wa kizazi, na ndiyo maana tangu mwaka 2018 wasichana wa nchi yetu wanachanjwa. Lakini hata hiyo, mgonjwa hamwambukizi kansa mtu anayempa mkono au mtoto anayepakatwa naye. Vivyo hivyo, mtu aliyechomwa kwa mionzi ya mashine kutoka nje ya mwili harudi nyumbani na mionzi hiyo. Mashine ikizimwa, imezimwa. Mjukuu na akae mapajani mwa bibi yake bila hofu.

Wagonjwa wengi wa Mkoa wa Mara hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Kutoka Musoma ni safari ya zaidi ya kilometa 200, kupitia Bunda. Wengine hufika mpaka Ocean Road, Dar es Salaam. Huko hutibiwa kwa kupasuliwa, kwa mionzi, au kwa dawa za dripu na vidonge ambazo watu wengi huziita kemo. Dawa hizi huua chembe zinazozaliana upesi. Kansa ni chembe za namna hiyo. Lakini hata mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya kinywa, tumbo, na uboho unaotengeneza damu ni vya namna hiyo. Kwa hiyo nywele hunyonyoka, kinywa hupata vidonda, tumbo huchafuka, na damu hupungukiwa na chembe nyeupe, zile askari zinazoukinga mwili na maradhi.

Hapa pana jambo ambalo kila familia yapasa ilijue. Dawa nyingi za dripu hutolewa kwa zamu, na zamu nyingi ni za majuma matatu. Siku za kwanza mgonjwa huwa na kichefuchefu na uchovu. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14, askari wale wa damu huwa wachache kabisa. Hizo ndizo siku za hatari, hata kama mgonjwa mwenyewe ajisikia afadhali. Katika juma la tatu, kwa kawaida, nguvu hurudi kidogo, chakula huwa na ladha tena, na mtu aweza kukaa barazani na kuzungumza. Baadaye zamu nyingine huanza.

Basi, kuna haja gani ya kubahatisha? Mkitaka kupanga sikukuu, chukueni kalenda, mwekeni mgonjwa katikati, na mwulizeni daktari au muuguzi: Siku gani zitamfaa? Mama yule wa Bunda angeulizwa, angewaambia wangoje siku kumi tu. Mtu atasema: “Lakini siku ya Komunyo ya kwanza hupangwa na parokia.” Ni kweli. Misa haina budi kuwa siku ile. Lakini pilau yaweza kungoja. Mtoto apokee Sakramenti pamoja na wenzake, na karamu ya nyumbani ifanywe baada ya siku hizo kumi, mama akiwa kitini. Hakuna sheria ya Kanisa inayosema kwamba mbuzi achinjwe siku ile ile.

Kwa mgonjwa wa mionzi mambo ni mengine. Yeye huchomwa mara nyingi siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo, na madaktari hawapendi siku zirukwe. Mtu wa Butiama aliye katika matibabu hayo huenda Noeli ikamkuta Mwanza. Hapo wasimwite nyumbani. Mmoja wa watoto wake na amfuate huko na salamu za nyumbani. Jioni ya sikukuu apigiwe simu, watoto waimbe naye asikie. Tena ndugu zetu wa jumuiya za Mwanza wakumbuke kwamba katika mji wao wamo wageni wa namna hiyo, ambao hawana mtu wa kuwapelekea hata uji.

Nasi twasema kwa nguvu: sikukuu isiwe sababu ya kukatisha matibabu. Liko jambo linaloumiza sana, nalo ni mgonjwa kuja nyumbani kwa ajili ya sikukuu na kutorudi tena hospitali, kwa kuwa nauli imekwisha au kwa kuwa uvimbe umeonekana kupungua. Hatari hii ni kubwa hasa kwa watoto. Katika nchi hizi za kando ya Ziwa Victoria iko kansa ya watoto ambayo mara nyingi huvimbisha taya. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958, na ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Uvimbe huu hukua upesi, lakini pia husikia dawa upesi. Baada ya dawa za kwanza uso wa mtoto waweza kurudi kama ulivyokuwa, na wazazi wakadhani amepona. Hajapona bado. Mtoto anayemaliza dawa zake zote ana tumaini kubwa la kuishi. Anayeziacha katikati yu hatarini. Kwa hiyo, wazazi, nauli ya kurudi Bugando iwekwe kando kabla ya kununua nguo ya sikukuu.

Hapo twafika penye fedha, jambo lenye ugomvi katika nyumba nyingi. Watu wetu ni wakarimu. Ng'ombe aweza kuuzwa kwa ajili ya harusi bila mtu kunung'unika, lakini akitakiwa auzwe kwa ajili ya safari ya hospitali, kikao cha ukoo huchukua siku tatu. Hatusemi harusi zisiwe na furaha. Twasema kwamba karamu ya watu thelathini ambayo mgonjwa ameshiriki ina heshima kuliko karamu ya watu mia tatu iliyokula nauli yake. Ndugu, mjomba na shangazi wanaotaka kuchangia sherehe waambiwe waziwazi: “Safari hii mchango wenu mkubwa ni matibabu, soda na wali tutakula kidogo.” Mtu mwenye akili hataona aibu.

Sasa chakula. Mgonjwa asilazimishwe kumaliza sahani iliyojaa kwa sababu ni sikukuu. Apewe kidogo kidogo, mara nyingi: uji wa ulezi, samaki laini aliyeiva vema, mayai yaliyochemshwa mpaka yakagandamana. Kinywa kikiwa na vidonda, pilipili na vitu vya uchachu viondolewe. Katika siku zile za hatari vyakula vyake viwe vimeiva kabisa: nyama yenye damu ndani asiile, maziwa yasiyochemshwa asinywe, wala mtindi uliotokana nayo, na maji yawe yamechemshwa. Twajua kwamba kwa wafugaji wa Mara maneno haya ni magumu, maana nyama ya kuchoma na maziwa ya kibuyu ni heshima ya mgeni. Lakini ni kwa muda. Na yeyote anayempa mgonjwa dawa za mitishamba amweleze daktari, kwa maana nyingine hupigana na dawa za hospitali.

Wageni nao wana wajibu wao. Kuwe na maji na sabuni mlangoni, na kila mtu anawe kabla ya kumpa mgonjwa mkono. Mwenye mafua, kikohozi au kuhara, na mtoto mwenye tetekuwanga au surua, watoe salamu kwa mbali. Kiti cha mgonjwa kiwekwe penye hewa na kivuli, karibu na mlango, ili akichoka aingie ndani bila kuaga watu mia. Atoke nusu saa tu ikiwa ndiyo nguvu yake. Anayemhudumia, ndani ya siku mbili baada ya dawa ya dripu, avae glavu anapogusa mkojo au matapishi ya mgonjwa, kisha anawe mikono. Hiyo si kwa sababu ya kansa, bali ni kwa sababu ya dawa inayotoka mwilini. Na jambo hili lisisahauliwe hata ngoma zikilia: joto la mwili wa mgonjwa likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, apelekwe hospitali saa ile ile. Wasingoje kukata keki, wala wasimpe kidonge cha kutuliza homa wakisema wataona kesho. Kwa mtu aliyepungukiwa na askari wa damu, kesho yaweza kuwa mbali mno.

Haya ni ya mwili. Yako na ya roho. Wapo Wakristu ambao wagonjwa wao hawamwoni padre mpaka pumzi ya mwisho, kwa hofu kwamba padre akiingia, mauti nayo yameingia. Zamani tuliita Sakramenti hii Mpako wa Mwisho, na jina hilo lilitia hofu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulifundisha kwamba yafaa zaidi kuiita Mpako wa Wagonjwa, na kwamba si ya wale tu walio katika saa ya kufa. Mtume Yakobo katika waraka wake ahimiza wazee wa Kanisa waitwe kwa mgonjwa, hataji maiti. Aliyeanza kuugua kansa aweza kupakwa mafuta mapema, kabla ya kupasuliwa au kabla ya safari ya Bugando. Na ugonjwa ukizidi, aweza kupakwa tena. Je, kuna siku nzuri kuliko sikukuu ya nyumbani, watoto wote wakiwapo, kumwomba padre ampake mzazi wao? Na tarehe 11 Februari, ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliiweka mwaka 1992 kuwa Siku ya Wagonjwa Duniani, ni sikukuu yao hasa.

Tena wagonjwa wengi husumbuka dhamiri bure. Aliyezuiwa na ugonjwa kwenda Misa ya Dominika hatendi dhambi. Haimpasi mgonjwa kufunga kula siku ya Jumatano ya Majivu wala Ijumaa Kuu. Ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haiwafungi wagonjwa, wala haiwafungi wale wanaowauguza. Mwenye vidonda kinywani aweza kupewa kipande kidogo sana cha Ekaristi pamoja na maji. Na asiyeweza kumeza kabisa kitu kigumu aweza kupokea katika umbo la divai peke yake. Mwambieni padre wenu. Naye padre asiposikia mara ya kwanza, mwambieni mara ya pili.

Mtu wa Mara hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akabatizwa Nyegina, karibu na Musoma, mwaka 1943. Mwaka 1998 iligundulikana kwamba ana kansa ya damu. Wakati huo alikuwa msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi huko Arusha. Hakuiacha kazi ile kwa sababu ya ugonjwa. Aliendelea nayo mpaka mwaka 1999, wala wale waliohitaji shauri lake hawakumhesabu kuwa amekwisha ondoka. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akarudishwa Butiama na kuzikwa huko tarehe 23 ya mwezi ule. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza kesi ya kumtangaza Mwenye Heri, naye leo aitwa Mtumishi wa Mungu.

Hatusemi kwamba kila mgonjwa ataweza kufanya kazi kama yake. Kansa si za namna moja, na wengine hulazwa kitandani tangu mwezi wa kwanza. Lakini twajifunza hili: mtu anayeugua bado ana shauri la kutoa, bado ana neno la kusema, bado yeye ni baba au mama wa nyumba yake. Ikiwa taifa halikumfungia mgonjwa wake mkubwa katika chumba cha nyuma, mbona sisi tunawafungia wetu? Mama asiyeweza kupika aweza kuonja chumvi. Baba asiyeweza kusimama aweza kubariki watoto wake akiwa amelala. Bibi aliyenyonyoka nywele aweza kuchagua jina la mjukuu atakayebatizwa. Kazi hizo ni ndogo, lakini zamweka mtu mahali pake.

Mwisho, msiwaongopee wagonjwa, wala msiwaongopee watoto. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto wa miaka minane akiambiwa kwamba mama ana malaria, naye aona nywele zimeisha, huanza kuwaza peke yake mambo mabaya kuliko kweli yenyewe. Mwambieni kwa maneno machache: mama ana ugonjwa mzito, dawa ni kali, madaktari wanamtibu, nasi twasali. Yule binti wa Bunda hakuwa ameambiwa kitu. Hata hivyo, siku yake kubwa, alijua mwenyewe mahali pa kupeleka sahani yake.

Mpendwa msomaji, pengine Jumapili hii utaalikwa katika nyumba yenye sherehe na mgonjwa. Usiende moja kwa moja penye turubai. Nawa mikono, uulize: “Mgonjwa wetu hajambo? Naweza kumsalimu?” Nasi mapadre tutafanya hivyo kabla ya kuketi. Mama Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote wanaosafiri juma hili kwenda Bugando na Ocean Road, na awarudishe salama penye meza za nyumbani kwao.